Siku Tatu za Ngano

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Barua inasema hivyo, "kustaafishwa", kwa sababu kituo cha lishe sasa kinataka watu wenye diploma na mimi sina. Kaka zangu wamecheka sana. Mmoja ameniuliza kama nitaanza kutembea na fimbo.

Ninyi mtakaokaa kwenye meza yangu mmesoma Lubumbashi na mnayajua magonjwa kwa Kifaransa safi. Mimi niliyajua kutoka kitabu kimoja chakavu cha utabibu, kilichokosa jalada na kurasa nyingi za mwanzo, nikikisoma na kamusi ya baba pembeni. Mpaka leo sijui kitabu hicho kinaanzaje. Mtakabidhiwa rejista, mizani na funguo za kabati, na hayo yote yako sawa, nimeyahakiki mara tatu. Ninayoandika hapa hayamo kwenye rejista. Nimeshaanza mara nne na kila mara nimechana karatasi, eti mwandiko haukunyooka. Safari hii nauacha ulivyo.

Niliingia kituoni katikati ya miaka ya tisini, nina miaka kumi na tisa. Walitaka mtu wa kupima watoto na kuandika uzito, na mimi binti wa mwalimu nilikuwa na mwandiko mzuri. Siku ya kwanza nilimpima mtoto mmoja mara saba. Kila mara sindano ilisimama mahali tofauti kidogo, na mimi nilitaka namba moja ya kweli. Mama yake alinyamaza kwa heshima, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Mpishi wa kituo, Mama Zaina, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Weye, mutoto ya mwalimu," aliniambia, "unapima mutoto ao unapima machozi?"

Mama Zaina alikuwa wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu waliotoka Maniema zamani. Hakujua kusoma Kifaransa, lakini ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kutundika kwanza ile suruali ya kitambaa ya kumbebea mtoto kwenye mizani, ikiwa tupu, na kurudisha sindano kwenye sifuri, ndipo kumtia mtoto. Kila Jumatatu tulijaza chupa ya lita moja maji na kuitundika, na mizani ikikataa kusoma kilo moja na uzito wa chupa, ni mizani inayosema uongo, si chupa. Alinifundisha pia kutazama makalio ya mtoto kabla ya uso, kwa sababu uso huvimba na kudanganya. Ngozi ya makalio ikining'inia kama nguo ya kuazima, usingoje mizani. Fanyeni hivyo hivyo. Diploma haizuii.

Halafu vita vikafika kwetu, vile vya pili, vilivyodumu. Reli ilinyamaza. Watu walikuja kutoka upande wa Kabongo kwa miguu na kwa baiskeli, magodoro kichwani, wakawekwa katika madarasa ya shule alikokuwa akifundisha baba, naye akabaki na chaki bila wanafunzi. Mashamba yaliachwa. Mahindi yalipungua sokoni, hata muhogo ukawa wa kutafuta. Chakula cha msaada kilishuka kwa ndege kule Base, kwenye kambi ya jeshi, kikaletwa mjini kwa lori: maziwa ya unga, mafuta, na ngano. Ngano ya unga na ngano iliyovunjwavunjwa, magunia kwa magunia. Watu wa Kamina tunakula bukari, yaani ugali, ya mahindi na muhogo. Ngano tuliijua kwenye mkate tu. Lakini mwenye njaa hachagui gunia, tukaipika.

Banze aliletwa wakati huo. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, na uzito wa mtoto wa miezi saba. Tumbo lilikuwa kubwa na limekaza, mikono kama vijiti, makalio ni yale niliyowaeleza. Hakucheka wala hakutaka kushikwa. Choo chake kilikuwa kingi, cheupe kama udongo wa mto, kinateleza na kunuka kuliko choo cha kuhara kwa kawaida. Mama yake, Mama Banze, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. Alikuwa amezika mtoto mmoja njiani, mkubwa wa Banze, kwa homa. Huyu ndiye aliyebaki kwake.

"Kule Kabongo alikuwa mutoto muzuri," alisema. "Alikuwa anakimbia na kuku. Tulifika hapa, mwezi mbili, tumbo njo ikaanza."

Niliandika maneno hayo kwenye kaye yangu, daftari la kazi, na saa juu yake. Ninayo mpaka leo. Jibu lilikuwa ndani yake, nami nikalipita nikitafuta jibu gumu zaidi.

Kitabu changu kilikuwa na ukurasa mmoja juu ya watoto wanaoharisha muda mrefu bila homa. Kilitaja mambo mawili ya kufikiria kwanza. La kwanza maziwa, kwa kuwa matumbo mengine yanashindwa kuvunja sukari ya ndani yake. La pili gluteni. Neno hilo halikuwamo kwenye kamusi ya baba. Nilielewa kwa kusoma sentensi zilizolizunguka kwamba ni kitu kilichomo kwenye ngano, hakimo kwenye mahindi wala muhogo wala mchele, na kwamba kuna watoto wachache ambao kinawachubua utumbo kwa ndani. Kilisema "wachache". Basi nikaanza na maziwa, maana hayo hayakuwa ya wachache.

Nilimwondoa Banze kwenye orodha ya maziwa. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba jina likitoka orodha ya maziwa linaingia orodha ya uji. Uji wetu wakati huo ulikuwa wa ngano. Je, niliona tatizo? Sikuliona. Nilipiga mstari kwa rula jina lisionekane limefutwa ovyo.

Na alipata nafuu! Siku ya tatu choo kilipungua, siku ya nne alilala mchana bila kulia. Nilimwendea Mama Zaina jikoni na kaye imefunguliwa.

"Maziwa," nilimwambia. "Nimepata."

"Umepata siku nne," alijibu, akaendelea kukoroga.

Wiki iliyofuata uzito ulishuka. Iliyofuata ukashuka tena, na choo kikarudi cheupe kama mwanzo. Mimi nilikuwa na mstari wangu wa rula na neno "maziwa" nililolipigia mstari mara mbili, kwa hiyo kosa lazima lilikuwa la mtu mwingine. Nilimwita Mama Banze mbele ya wanawake wengine, nikamuuliza anampa nini mtoto kwa siri.

"Minyi? Kwa siri?" Alitazama chini. "Niko namupa bukari, mama. Niko na nini ingine ya kumupa?"

"Na maziwa?"

"Nitatosha wapi maziba? Unawaza minyi niko na ng'ombe mule ndani ya darasa?"

Wanawake walicheka. Yeye hakucheka. Niliandika: "Mama anakana." Naona aibu kwa maneno hayo mawili kuliko mengi niliyowahi kuandika.

Mama Zaina alimaliza jambo hilo kwa miguu yake. Alikwenda mpaka shuleni mchana, akakaa na wanawake wakitwanga, akarudi na konzi ya unga kwenye kitenge. Ulikuwa muhogo kidogo na ngano nyingi. Wanawake wote walitwanga ngano ya msaada na kuichanganya na muhogo ili bukari itoshe. Hata nyumbani kwetu tulifanya hivyo. Nilikuwa nimeila jana yake usiku, na sikuwahi kuuliza mtoto yule anasongewa bukari ya unga gani.

"Sasa," alisema Mama Zaina, "asubui ngano, mangaribi ngano, na hapa kwako ngano. Weye umemutosha maziba peke yake." Yaani nilikuwa nimemwondolea maziwa tu.

Nilirudi kwenye ukurasa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kilisema kwamba utumbo uliochubuliwa hushindwa na maziwa pia kwa muda, mpaka upone. Yaani maziwa yalimsumbua kweli, lakini kwa sababu kitu kingine kilikuwa kimekwisha kuharibu njia. Nilikuwa nimesoma mpaka mahali pa kunipendeza nikafunga kitabu. Mtu aliyefundishwa utabibu darasani angelazimishwa kusoma mpaka mwisho.

Tulimwondolea vyote viwili. Mama Zaina alipata dagaa na samaki wakavu wa Mulongo kwa ndugu yake mwenye duka, mimi nikatoa mahindi ya nyumbani kwetu, tukampikia uji wa mahindi na karanga na mafuta ya mawese, na samaki aliyetwangwa laini. Wiki mbili za kwanza hakuna kilichobadilika isipokuwa alianza kushika kijiko mwenyewe. Wiki ya tatu choo kilikuwa cha rangi. Ya nne alipanda gramu mia nne. Wiki ya sita nilimpa kijiko kimoja cha maziwa, kesho yake viwili, kesho kutwa kikombe kidogo, na tumbo lilikubali. Asubuhi moja alinivua kiatu, akakimbia nacho mpaka jikoni. Mama Banze alicheka kwa sauti, sauti ambayo sikujua anayo.

"Wafwako," aliniambia kwa Kiluba, asante. "Vidye akubariki."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mzuri.

Mahindi ya nyumbani yalikwisha. Depo ya msaada ilikuwa na magunia machache ya mahindi, yakitolewa kwa wagonjwa tu, kwa karatasi yenye saini ya daktari. Daktari alikuja kituoni mara mbili kwa wiki kutoka hospitali. Alikuwa mtu wa haki lakini mwenye mdomo. Kila jambo alikujibu, "Ushahidi uko wapi?" Nilishamsikia akimuuliza muuguzi mmoja hivyo mbele yetu sote, na muuguzi yule, mwenye cheti chake, akatafuta maneno akayakosa. Mimi sikuwa hata na cheti. Nilijiona nimesimama mbele yake nikisema neno "gluteni" nililojifunza kwa kubahatisha, pengine hata kulitamka silijui, naye akiniuliza nani kakwambia.

Ukurasa wangu ulisema pia namna ya kuthibitisha. Ondoa ngano, mtoto apone. Rudisha ngano, augue. Ndipo utajua. Nilikuwa na nusu ya kwanza. Katika kaye nilichora safu mbili, moja imejaa, nyingine tupu, na ile tupu haikuniacha nile kwa raha. Nilijiambia ni kwa ajili ya mahindi ya Banze. Ilikuwa kweli. Lakini pia nilitaka ile safu ijae, na nilitaka daktari anyamaze. Sitaficha kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

Nilimwita Mama Banze pembeni ya kisima.

"Tutamrudishia ngano siku tatu," nilimwambia. "Kidogo tu. Tuone."

"Tuone nini?" Alimvuta mtoto kwake. "Mutoto ameshapona."

"Ili tupate karatasi ya mahindi."

"Juu ya nini unamurudishia kintu yenye ilimuuwa? Acha vile, mama. Nitatafuta mahindi. Nitalima kwa bantu."

"Siku tatu tu. Mimi mwenyewe nitampa, mimi mwenyewe nitaangalia."

Banze alikuwa anacheza na kamba ya ndoo. Mwishowe alisema bila kunitazama: "Kama njo weye munganga unasema, minyi niseme nini?"

Mimi sikuwa munganga, si daktari wala muuguzi. Aliniita hivyo, na sikumsahihisha.

Mama Zaina sikumwambia. Nilipika ule uji mwenyewe, saa ambayo yeye alikwenda kuteka maji. Katika miaka yangu yote kazini huo ndio uji pekee nilioupika kwa kujificha, na kama mnataka kujua lini mnakosea, mimi nina kipimo hicho kimoja tu.

Siku ya kwanza, vijiko vitatu. Hakuna kitu. Siku ya pili, vijiko vitatu, hakuna kitu, alicheza. Nami, badala ya kufurahi, niliingiwa na wasiwasi kwamba jaribio limeshindwa. Kwa hiyo siku ya tatu nilimpa bakuli zima.

Mchana alitapika. Jioni alianza kuhara, maji matupu. Asubuhi ya siku ya nne mama yake alimleta macho yamezama, na nilipomvuta ngozi ya tumbo ilibaki imesimama. Dripu hazikuwapo Kamina nzima wiki ile. Ndege haikuwa imeshuka, na zilizobaki hospitali walikuwa wametiwa waliopigwa risasi. Nilichemsha maji, lita moja, vijiko sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Nilisawazisha kila kijiko kwa kisu. Mama Zaina alinipokonya kisu.

"Munyweshe!" alipiga kelele. "Munyweshe, acha kupima!"

Tulimnywesha kwa kijiko, watatu tukipokezana. Alimeza, akatapika, akameza. Mama Banze alikuwa akimwimbia kwa Kiluba na kukatiza wimbo kila mara ili amwambie ameze. Ilipofika saa sita mchana hakumeza tena. Maji yalitoka pembeni ya mdomo yakashuka shingoni, na mama yake akayafuta kwa kitenge, akaendelea kufuta baada ya kuwa pamekauka.

Daktari alikuja kesho yake. Nilimpa kaye, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi. Alisoma kurasa zote, hata zile za siku za kwanza. Hakunifokea, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Uliniandalia haya yote?" aliuliza.

"Ndiyo, daktari. Ushahidi."

"Mtoto anaugua kwa ngano, anapona bila ngano. Ungeniambia hivyo mlangoni ningesaini. Ningesaini juu ya gari." Aligeuza ukurasa wa mwisho. "Na huu si ushahidi. Wiki hii nusu ya wale wa madarasani wanaharisha. Kisima chao kimeingia uchafu. Pengine ni ngano, pengine ni maji yale. Sasa hutajua, wala mimi."

Akatoa kalamu akasaini karatasi ya mahindi, kwa tarehe ya wiki iliyotangulia, ili depo isikatae. "Mama yake anakula," alisema, "na kadi yake ya chakula bado ina majina mawili."

Ninyi mtakuwa na vipimo vya damu siku moja, ikiwa barabara zitafunguka. Mpaka hapo mtafanya kama mimi: kuondoa kitu na kungoja. Ondoeni kimoja kimoja, na kabla ya kuondoa nendeni mkaangalie kinu cha nyumbani. Aliyepona mwacheni amepona. Mtoto mdogo aliyekonda hana akiba ya kulipia udadisi wenu. Haya nimeyafuata kwa kila mtoto aliyekuja baada ya Banze, na wapo wanaotembea leo mjini hapa bila kunijua, jambo ambalo ni sawa.

Yale mahindi niliyapeleka mwenyewe shuleni siku iliyofuata ile saini ya daktari, nusu gunia kwenye baiskeli ya baba. Mama Banze alikuwa amekaa mlangoni pa darasa, kichwa kimefungwa kitambaa. Alinipa kigoda. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, na sikujua la kufanya na kigoda.

"Nambie," alisema. "Ilikuwa ngano?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari, na lingetupa sote wawili kitu cha kushika.

"Sijui, mama," nilisema. "Daktari anasema pengine maji ya kisima. Sijui."

"Haujue." Aliyatazama mahindi. "Basi ulikuwa unatafuta nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba karatasi ingepatikana kwa kuomba tu, na kwamba sikuomba kwa sababu nilimwogopa daktari, asije akaniuliza nimesomea wapi.

Ndani ya darasa mwanamke mmoja alikuwa anatwanga, akaacha, akaanza tena.

"Docteur minyi simujue," alisema Mama Banze. "Minyi nilikuwa naogopa weye."